Nimefika chuo, mwili na akili vinanigomea

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 19, nipo mwaka wa kwanza chuoni, muhula wa kwanza. Nakuandikia saa tisa usiku. Mwenzangu wa chumbani amelala, nimefunika mwanga wa simu kwa kitambaa nisimwamshe. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitasema kama mambo yanavyonijia.

Tangu wiki za mwanzo nalala masaa matatu, yakizidi sana manne. Nikitoka vipindini nakuwa hoi, narudi chumbani jioni najilaza "kidogo tu", nashtuka saa tatu usiku. Hapo ndipo naanza kusoma. Nasoma ukurasa mmoja mara nne, naupigia mistari, nafunua mwingine, na sikumbuki nilichosoma. Kitabu hakipandi kabisa. Ili nisisinzie nakunywa kahawa, na siku hizi nimeongeza vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Ikifika saa kumi alfajiri nataka kulala, usingizi umeruka. Asubuhi nazima alamu bila hata kujua, nakosa kipindi cha kwanza au nakwenda bila kula. Chakula nakula mara moja, usiku, na nakula kwa pupa mpaka tumbo linauma.

Kinachonitisha ni kwamba moyo unanienda mbio nikiwa nimekaa tu. Mikono inatetemeka. Nikipanda ngazi za maktaba nasimama katikati kuvuta pumzi, mimi niliyekuwa nachezea timu ya netiboli ya shule.

Jaribio la kwanza nimepata 38 kati ya 100. Sijawahi kupata alama kama hiyo tangu nianze shule. Wenzangu wanajibu maswali darasani bila hata kufikiri, mimi naandika tu kimya. Nimeanza kuamini kwamba nilichaguliwa kwa makosa na siku moja watagundua. Kijana mmoja tunayefanya naye diskasheni ameniambia ana vidonge vya kukuwezesha kusoma usiku kucha bila kuchoka, eti wengi wanavitumia. Bado sijavichukua.

Rafiki sina, nina watu wa kusalimiana nao. Wale niliomaliza nao shule naona picha zao kwenye simu, wanacheka, wamezungukwa na watu. Mama akipiga natoka kwenye korido, nakohoa kwanza ili sauti ikae sawa, ndipo napokea: "Mama, huku mambo mazuri tu." Yeye ndiye aliyehangaika mpaka nikafika hapa. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo. Nikikata simu nalia.

Juzi nilijikuta nawaza kwamba nisipoamka kesho, hakuna atakayejua mpaka siku zipite. Sikupanga kufanya chochote, Shangazi. Ila niliogopa jinsi lile wazo lilivyokuja taratibu, kama jambo la kawaida.

Niache chuo nirudi nyumbani? Au nijikaze, nitazoea?

Mwanao, Mwaka wa Kwanza

*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri sana kuandika. Nitaanza na lile ulilolitaja mwishoni, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho.

Nakuuliza waziwazi: unawaza kujiua? Umewahi kufikiria njia, mahali au siku? Watu wengi huogopa kuuliza hivi wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Haiko hivyo. Anayeulizwa hupata nafasi ya kutua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, acha kusoma hapa. Mwamshe mwenzako wa chumbani, mwambie, "Siko salama, usiniache peke yangu," kisha nendeni kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, au pigeni namba ya dharura ya hapo mlipo. Iwe saa tisa usiku au saa kumi, hakuna mtu mwenye utu atakayekasirika kuamshwa kwa jambo hilo.

Kama jibu ni hapana, kwamba wazo lilipita tu likaondoka, bado nataka ulitamke mbele ya mshauri nasaha wa chuo wiki hii hii, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Usilipunguze makali. Ukifika pale ukasema "nina stresi kidogo", utapewa ushauri wa stresi kidogo. Wala usidhani utakuwa wa kwanza kuingia ofisini kwake na maneno hayo. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nusu ya matatizo ya akili huwa yameshaanza mtu akifika miaka 14, na robo tatu akifika 24. Wewe una 19. Umehama nyumbani, umebadilisha shule, marafiki na ratiba kwa mpigo, katika umri uleule ambao matatizo haya hujitokeza. Huzuni, au kukosa raha na vitu ulivyovipenda, ikidumu wiki mbili mfululizo huku usingizi umevurugika, hamu ya kula imebadilika na unajiona hufai, daktari huanza kufikiria sonona. Siwezi kukupima kwa barua, lakini sonona inatibika, na ikiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi.

Ukishatoka kwa mshauri, pitia zahanati ya chuo. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka vinaweza kuletwa na kahawa, na yale makopo, na hofu, na tumbo tupu. Mimi lakini nimeshtushwa na zile ngazi. Binti wa netiboli kusimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi si jambo la kuachia hivihivi. Waombe wakupime damu. Wasichana wengi hupungukiwa madini ya chuma kwa sababu ya hedhi, hasa ikiwa nzito, na upungufu wa damu huleta hayohayo unayoyasema: uchovu, moyo mbio, pumzi kukata. Tezi ya shingoni nayo ikifanya kazi kupita kiasi huharakisha mapigo na kutetemesha mikono. Waambie bila kuficha unakunywa makopo mangapi kwa siku. Na ukisikia maumivu ya kifua au ukazimia, usingoje zamu wala miadi.

Sasa tuje kwenye usingizi, na hapa nitakaa, kwa sababu naona ndipo mambo yako mengi yalipofungiwa. Sipendi kabisa sifa wanazopewa vyuoni watu wanaokesha. Mwanafunzi anatamba kwamba hajalala siku mbili na wenzake wanampigia makofi, na yule aliyekwenda kulala saa nne usiku anaonekana mzembe. Mtu wa umri wako anahitaji kulala masaa 7 hadi 9 kila usiku. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka ukafanana na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Hesabu mwenyewe: ukiamka saa moja asubuhi, saa sita usiku umeshafika hapo. Na wewe saa sita ndiyo kwanza umechangamka kusoma. Huo ukurasa unaourudia mara nne hauna kosa, wala kichwa chako hakina kosa.

Elewa kinachoendelea mwilini. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na ndiyo inayoleta uzito wa usingizi. Ukilala inapungua. Sasa wewe unalala jioni masaa kadhaa, unaipunguza, halafu usiku inakosekana ya kukulaza. Kafeini nayo haiondoi adenosini, inaizuia tu isifike mahali pake pa kufanyia kazi, kwa hiyo uchovu upo palepale, ila huusikii. Na kafeini haitoki mwilini upesi: baada ya masaa 5 au 6 hivi, nusu yake bado ipo. Kahawa ya saa tano usiku inakuwa nawe kitandani alfajiri. Ndiyo maana saa kumi unataka kulala na macho hayataki.

Jambo la kwanza ni saa ya kuamka. Ichague moja, tuseme saa moja asubuhi, uishike kila siku, hata siku isiyo na vipindi, hata kama usiku ulilala vibaya. Weka simu mbali na mkono, upande wa pili wa chumba, ili ulazimike kusimama kuizima. Ukishaamka toka nje upate mwanga wa jua, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Watu wa umri wako saa hiyo ya mwili huwa imechelewa kimaumbile mpaka miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo kutosinzia mapema si uvivu wala ukaidi. Ni jambo la kusaidiwa kwa mwanga na ratiba. Jioni ukichoka usijilaze. Kama huwezi kabisa, lala kwa dakika 20 tu, kabla ya saa tisa alasiri, kwa alamu. Kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa nane mchana. Makopo nakuomba uyaache, lakini punguza polepole kwa muda wa wiki moja au mbili, maana ukikata ghafla kichwa kitauma siku kadhaa na utadhani unaugua. Mamlaka za usalama wa chakula za Marekani na Ulaya zinasema miligramu 400 za kafeini kwa siku ndio mpaka kwa mtu mzima mwenye afya. Soma maandishi madogo ubavuni mwa kopo ujumlishe na kahawa zako. Huenda ukashtuka.

Usiku saa tano uwe kitandani, simu ikiwa kulekule mbali. Usingizi ukikataa kwa dakika 20 hivi, usipigane nao. Inuka, kaa kwenye kiti, fanya kitu kisichosisimua kwenye mwanga hafifu, urudi ukisinzia. Na usisomee kitandani kamwe, kitanda kikizoea vitabu na wasiwasi kitakunyima usingizi hata siku umechoka. Siku za kwanza zitakuwa ngumu, utatembea kama mgonjwa. Vumilia.

Utaniuliza, nikilala saa tano nitasoma lini? Mchana, tena kwa muda mfupi kuliko sasa. Namna unayosoma inakula muda wako bure. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma makala na kuirudia, jingine lilisoma kisha likafunga karatasi na kuandika kila walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima walikumbuka zaidi kwa mbali. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa wamejiamini zaidi kwamba watakumbuka. Kwa hiyo weka chini ile kalamu ya kupigia mistari. Soma kurasa mbili, funga kitabu, chukua karatasi tupu uandike ulichobaki nacho, kisha fungua uone ulichosahau. Inachosha na inakera, kwa sababu unaona waziwazi usichokijua. Rudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu nne. Halafu lala, kwa sababu ubongo huyapanga uliyojifunza ukiwa usingizini.

Ile 38 ichukue uende nayo kwa mhadhiri saa zake za kuona wanafunzi. Usiende kulia wala kuomba alama. Mwambie, "Naomba unionyeshe swali moja nililokosea na jibu lilivyotakiwa kuwa." Wahadhiri wengi hukaa ofisini saa hizo bila kumwona mtu. Ama hiyo hofu kwamba ulichaguliwa kwa makosa, wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliiandika tangu mwaka 1978, tena waliikuta kwa wanawake waliokuwa na mafanikio makubwa. Hao wanaojibu haraka darasani wapo wanaolala na hofu hiyohiyo, na wapo ambao mada ile walishafundishwa shuleni kwao kabla hujaisikia wewe.

Kuhusu marafiki, umejihukumu mapema mno. Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas aliwafuatilia watu waliohamia mahali papya, wakiwemo wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na matokeo yake ya mwaka 2018 yalikuwa hivi: kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida ilichukua kama saa 50 za kuwa pamoja, urafiki wa kweli kama 90, na rafiki wa karibu zaidi ya 200. Wewe unahesabu salamu za koridoni. Hao wa kwenye picha uliosoma nao mlikaa pamoja miaka, na hujui picha hiyo ilipigwa baada ya machozi gani. Usitafute rafiki, tafuta mahali pa kurudi kila wiki na kuwakuta watu walewale. Kwako mahali hapo pako wazi: nenda kaulize timu ya netiboli ya chuo inafanya mazoezi lini. Subiri kwanza zahanati wakuruhusu kuhusu moyo na damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi mawili ya timu pamoja na kutembea kwa miguu kwenda vipindini yanatosha kukufikisha hapo. Utalala vizuri, na zile saa za urafiki zitajihesabu zenyewe.

Chakula nitakipitia haraka, kwa sababu usingizi ukikaa sawa nacho kitarudi. Kula asubuhi kabla ya kipindi, hata kidogo. Gawa ule mlo mkubwa wa usiku mara tatu. Weka kitu mkobani cha kutafuna katikati ya vipindi, na chupa ya maji.

Vile vidonge usivichukue. Vingi vinavyozunguka vyuoni ni dawa za watu wenye tatizo la umakini, wanaoandikiwa na daktari baada ya kupimwa. Huongeza mapigo ya moyo na presha, na moyo wako tayari unakimbia. Tena ukipewa mkononi bila boksi wala jina, hujui hata unameza nini. Mwambie huyo kijana, "Asante, mimi nalala," umalizie hapo. Akikusukuma, tafuta diskasheni nyingine.

Nimemwacha mama makusudi mpaka hapa. Unakohoa kwanza ndipo unapokea simu. Mwanangu, yeye amekulea, sauti yako anaijua ukiwa na mafua, ukiwa na njaa, ukiwa umekasirika. Naamini ameshasikia kwamba kuna kitu, na anaogopa kuuliza kama wewe unavyoogopa kusema. Huku ni kufa na tai shingoni, na kunakumaliza nguvu ambazo ungezitumia kupona. Simu ijayo usikohoe. Anza hivi: "Mama, nataka nikwambie jambo, naomba unisikilize mpaka mwisho. Nimepata alama mbaya, silali vizuri, nina upweke, na wiki hii naenda kumwona daktari na mshauri wa chuo. Sijaacha chuo. Nimetaka tu ujue." Sema kwa utaratibu huo, ugonjwa na tiba yake kwa pamoja, ili asibaki na hofu isiyo na mahali pa kushika. Anaweza kunyamaza. Anaweza kulia, au kupandisha sauti kwa woga. Mwache amalize, usikate simu. Kama ni vigumu kabisa kutamka, mwandikie ujumbe kwanza, kisha mpigie.

Ukaniuliza uache chuo au ujikaze. Kujikaza kwa namna ulivyojikaza mpaka sasa sikushauri, umeona ulikokufikisha. Kuacha nako usiamue ukiwa umelala masaa matatu, kwa sababu kichwa kilichokesha huona mlango mmoja tu. Jipe wiki nne za kulala na kula, kwa kusaidiwa na daktari na mshauri, ndipo uliangalie swali hilo tena. Hata hivyo nenda kwa mlezi wa wanafunzi mapema, umuulize utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu ya afya ukoje, barua gani zinatakiwa na mwisho wa kuomba ni lini. Kuuliza si kuahirisha. Wanafunzi wengi huumia kwa kutoweka kimyakimya, wakaandikwa watoro au wakadisko, yaani wakaondolewa chuoni kwa kufeli, wakati barua ya daktari iliyopelekwa kwa wakati ingewalindia nafasi yao. Akikwambia muda wa kuomba unaisha kabla ya wiki zako nne, mweleze daktari siku hiyohiyo ili akupime kwa kuzingatia tarehe hiyo.

Niandikie ukishatoka zahanati, uniambie majibu ya damu yamekuja vipi na mama alisemaje.

Shangazi